Hatia ya Vitabu Tusivyovisoma

Miongoni mwa walimu na wanafunzi wa fasihi yapo maradhi yasiyotajwa hadharani, nayo ni ile soni inayompata mtu anapotajiwa kitabu mashuhuri ambacho hajakisoma. Hutikisa kichwa kana kwamba anakikumbuka, kisha hugeuza mazungumzo. Mwaka 2007 profesa wa fasihi wa Kifaransa, Pierre Bayard, alichapisha kitabu kizima kuhusu namna ya kuvizungumzia vitabu ambavyo hatujavisoma. Anwani yake inasikika kama mzaha, lakini hoja ni nzito, na inafaa ihakikiwe hapa Kampala kwa sababu mwandishi hakuwafikiria wasomaji wa aina yetu.

Bayard anavigawa vitabu katika mafungu manne: asivyovijua, alivyovipitia juujuu, alivyosikia habari zake, na alivyovisahau. Fungu la vitabu alivyovisoma halimo, kwani kwake yeye kusoma na kusahau ni pacha. Anakiri bila haya kwamba hajaisoma Ulysses ya James Joyce, na bado huigusia darasani kwa kuwa anajua mahali pake miongoni mwa vitabu vingine. Katika hili tunamuunga mkono. Soni ya kutosoma huzaa uongo, na uongo huo ndio unaoua mjadala wa fasihi.

Hata hivyo, mafungu yake yana pengo. Hakuna fungu la kitabu ambacho msomaji hajapata kukitia mkononi. Kwa msomi wa Paris, kitabu kisichosomwa kimekaa rafuni kikimngoja. Tuchukue riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991). Ni vitabu vyembamba, na ni vigumu kuzungumzia riwaya mpya ya Kiswahili bila kuvitaja. Mwanafunzi wetu anaweza kueleza vizuri jinsi vinavyovunja kaida za uhalisia. Lakini akitoka kwenda kuvitafuta mjini, huenda akarudi na fotokopi ya Wandegeya, nayo imetolewa kwenye fotokopi nyingine, kurasa mbili tatu zimefifia. Kama kuna hatia hapo, basi iwaendee kwanza wachapishaji, wauza vitabu na maktaba.

Tena si kila kitabu kisichosomwa hututia soni. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza walikutana Makerere. Mwezi huohuo Shaaban Robert alifariki dunia. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyehudhuria akiwa mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache tu, aliandika mwaka 1986 kwamba Shaaban Robert hakustahiki kualikwa, kwani kigezo kilikuwa Kiingereza. Kusadikika kilikuwa kimekwisha kutimiza miaka 11 tangu kichapishwe. Mhudhuriaji ambaye hakukisoma hakuwa na la kuonea haya, maana hakuna aliyekuja kumtahini kwacho. Soni humfuata mtahini. Hata leo msomi wa Kampala asiyemsoma Achebe hujikunyata kidogo. Asiyemsoma Shaaban Robert husema tu kwamba Kiswahili si somo lake, mambo yakaisha. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, naye hakuwasumbua wengi hadi Oktoba 2021 alipotunukiwa Tuzo ya Nobeli, ingawa Paradise ilitoka mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilichapishwa mwaka 2022.

Lakini tusiwanyoshee vidole wenzetu wa Kiingereza peke yao. Humu nyumbani mwetu mna kitu ambacho Bayard hakukipa fungu lake: mwongozo. Mwanafunzi aliyesoma mwongozo wa Kusadikika anajua kwamba ni nchi inayoelea angani, kwamba Majivuno amemshtaki Karama kwa kufundisha uanasheria, na kwamba wajumbe sita walitumwa pande sita wakarudi na kuadhibiwa badala ya kutuzwa. Mtihani atafaulu. Asichokijua ni jinsi Karama anavyojitetea. Hapambani na mashtaka moja kwa moja, bali anasimulia, safari baada ya safari, na msomaji ameketi pamoja na madiwani akisikiliza. Safari ya kwanza inavutia. Kufikia ya nne msomaji ameshajua mjumbe atapokewaje nyumbani, na kule kujua mapema ndiko kunakomkasirisha. Hasira hiyo haipatikani kwa kuambiwa. Inataka kurasa zenyewe, pamoja na uchovu wake. Mwongozo unazigeuza safari sita kuwa orodha ya maudhui (uongozi mbaya, dhuluma, ukosefu wa haki), orodha ambayo ingeweza kubandikwa kwenye riwaya nyingine ishirini bila mtu kushtuka.

Aliyekosa kitabu Wandegeya anajua alichokosa. Aliyeshiba mwongozo hajui, kwa hiyo hata ile soni anayotaka Bayard tuivue, yeye hakuwahi kuivaa. Atasimama mbele ya darasa akifundisha Kusadikika kwa miaka mingi na dhamiri yake imetulia. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Walimu watatakiwa kwa wingi, na vitabu vya fasihi pamoja nao. Miongozo, kama ilivyo desturi yake, itafika Kampala kabla ya riwaya zenyewe.