Kupima, kufundisha, kupima tena

Mzazi anayetafuta kipimo cha akili kwa mtoto mwenye kipaji huanza kwa kuuliza jina: kipi ndicho bora? Swali hilo halijibiki mpaka ijulikane mtoto atalinganishwa na nani. Kipimo cha Wechsler cha watoto, toleo la tano la Marekani lililotoka 2014, kiliwekewa viwango kwa kuwapima watoto 2,200 wa nchi hiyo. Wastani ni 100, na anayepata 130 amewapita takriban 98 katika kila watoto 100 wa rika lake. Rika hilo ni la Marekani.

Wengi hudhani tafsiri itamaliza tatizo. Haimalizi. Maswali ya msamiati hupangwa kuanzia jepesi hadi gumu, na mtoto akikosa kadhaa mfululizo, mpimaji husimama hapo. Mpangilio huo ulipatikana kwa watoto wanaozungumza Kiingereza. Maswali hayo yakiingizwa kwenye Kiswahili, ugumu unahama: neno kama "pembetatu" linajieleza lenyewe, lakini linalofuata, ambalo kule ni la mtaani, huku linaweza kuwa la kitabuni. Mtoto anayakuta magumu mapema, anasimamishwa, na yale ambayo angeyajibu haulizwi kabisa. Anayeumia zaidi ni mwenye kipaji, kwa kuwa alama zinazomtofautisha na wenzake ziko mwishoni mwa orodha.

Kwa sababu hiyo naithamini sana kazi iliyofanyika karibu na Bagamoyo, ikachapishwa 2002. Robert Sternberg na Elena Grigorenko, wakishirikiana na watafiti wa Kitanzania, waliwapima watoto wa shule za msingi wa miaka 11 hadi 13. Watoto 358 walipimwa, wakafundishwa, wakapimwa tena. Wengine 100 walipimwa mara mbili bila kufundishwa chochote katikati. Majaribio yalikuwa matatu: kupanga kadi kwa kugundua kanuni iliyojificha, kufikia hitimisho kutokana na maelezo machache, na mchezo wa maswali ishirini, ambapo mtoto hutafuta kitu alichokiwaza mpimaji kwa maswali ya ndiyo au hapana.

Huo mchezo utazamwe kwa karibu. Tuseme mezani kuna picha 16. Mtoto anayegusa picha moja na kuuliza "ni hii?" huondoa moja tu kila anapokosea, na anaweza kufika swali la 15. Anayeuliza "ni nyekundu?" wakati nusu ya picha ni nyekundu, huondoa 8 kwa mkupuo. Swali lake la pili linaondoa 4, la tatu 2, na la nne linamfikisha. Sasa mfikirie mtoto aliyezoea darasa ambalo mwalimu ndiye anayeuliza na mwanafunzi ndiye anayejibu. Huenda hajawahi kupewa nafasi ya kuuliza kwa mpango. Kutoijua mbinu hiyo hakuonyeshi kwamba haiwezi. Watafiti walimwonyesha mbinu, katika mafunzo yaliyochukua chini ya saa moja, ndipo wakampima upya.

Waliofundishwa walipanda zaidi, na hilo lilitarajiwa. Jambo zito liko kwenye uhusiano kati ya alama za kwanza na za pili. Kwa wasiofundishwa ulikuwa kama 0.8, maana yake aliyeongoza mwanzo aliendelea kuongoza. Kwa waliofundishwa ulishuka hadi kama 0.3. Orodha ilipanguka. Kama watafiti wangeishia kwenye kipimo cha kwanza, wangewaacha nyuma watoto waliohitaji kuonyeshwa mara moja tu. Tena, alama za baada ya mafunzo zilieleza vizuri zaidi jinsi watoto hao walivyofanya kwenye majaribio mengine ya akili.

Hapa kwetu Tanzania kipaji kinachaguliwa kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba, na waliopata alama za juu kabisa ndio wanaopangiwa shule kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe. Huo ni upimaji wa mara moja. Sisemi wanaochaguliwa hawastahili. Nasema waliofanana na wale wa Bagamoyo hawaonekani katika utaratibu huo, na inaniuma.

Njia ya Bagamoyo ina upungufu wake: haitoi namba ambayo shule ya ng'ambo itaipokea. Namba ikihitajika, Wechsler itumike, lakini kwa mtoto anayesoma na kufikiri kwa Kiingereza. Umri nao uangaliwe. Mtoto wa miaka 6 anaweza kupewa kipimo cha Wechsler cha watoto wadogo, kinachofika miaka 7 na miezi 7, au kile kilichotajwa mwanzoni, cha watoto wakubwa zaidi, kinachoanzia miaka 6. Mwenye kipaji apewe cha wakubwa, maana cha wadogo kitamwishia maswali kabla hajafika mwisho wa uwezo wake. Sehemu moja moja huishia alama 19. Zikijaa 19 mahali pengi, mpimaji aulizwe kama anavyo viwango vilivyorefushwa. Na kama mtoto anafikiri kwa kina ila anaandika polepole, iombwe alama ya uwezo wa jumla, inayokokotolewa bila sehemu za kasi na za kumbukumbu ya muda mfupi.

Kwa anayesoma kwa Kiswahili, ningependelea jaribio la maumbo, kisha saa moja ya kumfundisha kwa mifano mingine, kisha jaribio la pili linalofanana na la kwanza. Maswali ya Wechsler yenyewe yasitumike kufundishia, kwani kipimo kitaharibika na hakitafaa tena kwa mtoto huyo. Ripoti iandike alama zote mbili, ya kabla na ya baada, pamoja na kile alichofundishwa katikati.