Sentimita 30 hadi 45: risasi ya bastola kwa nyumba za Pwani

Mtu wa Marui au Mlandizi mwenye bastola ya leseni anapokwenda kununua risasi, swali lake la kwanza huwa ni ipi yenye nguvu zaidi. Mimi naona aanze kwa kuuliza risasi hiyo itasimama wapi. Nyuma ya mvamizi kuna chumba cha watoto, na nyuma ya chumba hicho kuna jirani aliyelala.

Jibu lililopimwa vizuri zaidi linatoka FBI ya Marekani, na lilizaliwa na msiba. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maofisa wake walipambana na majambazi wawili wa mabenki. Risasi ya milimita 9 ilimpata mmoja wao, Michael Platt, ikatoboa mkono wa kulia, ikaingia kifuani, ikaharibu pafu, kisha ikasimama kama inchi moja kabla ya moyo. Platt hakuanguka. Aliendelea kupiga, na hadi mapambano yanakwisha maofisa wawili walikuwa wamekufa na wengine watano wamejeruhiwa. Risasi ile ilikuwa ya kichwa chenye tundu, iliyoundwa ipanuke upesi ikigusa mwili. Ilipanuka kama ilivyokusudiwa, na kwa kupanuka huko ikaishiwa mwendo mapema mno.

Baada ya hapo FBI waliweka kipimo. Walichukua jelatini ya asilimia 10, ikapoozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi, kwa sababu katika hali hiyo huizuia risasi karibu sawa na misuli. Kabla ya jaribio, gololi ndogo ya chuma hupigwa kwa mwendo wa kama mita 180 kwa sekunde. Ikizama karibu sentimita 8.5, jelatini inafaa. Kisha risasi hupigwa moja kwa moja, halafu kupitia nguo nzito, bati, ubao wa jipsamu, plaiwudi na kioo cha gari. Inayokubalika huzama sentimita 30 au zaidi, na inatakiwa isipite 45. Kifua cha mtu hakina unene wa sentimita 30, lakini mtu hasimami akikutazama kama picha ya pasipoti. Anageuka, anainua mkono, na risasi inalazimika kupita mkono kwanza, kama ilivyokuwa Miami.

Risasi ya kawaida ya milimita 9, ile iliyovikwa shaba kichwa kizima, huzama katika jelatini hiyo zaidi ya sentimita 60. Maana yake inaweza kumpita mlengwa na kwenda zake. Ya kichwa chenye tundu iliyoundwa vizuri hupanuka, hupunguza mwendo na kubaki ndani. Ndiyo sababu naipendelea kwa kulinda nyumba, mradi sheria na leseni yako vinairuhusu. Hilo ulizia polisi na muuzaji aliyesajiliwa kabla ya kutoa hela.

Hata hivyo, tundu hilo haliokoi kila kitu, na hapa wauzaji wengi husifu kupita kiasi. Risasi ikipita kwanza kwenye jipsamu au ubao, tundu hujaa vumbi na vipande, haipanuki, nayo huendelea mbele karibu sawa na ile ya kawaida. Nyumba za Kibaha siku hizi zina dari na vigawanyo vya jipsamu na milango ya mbao. Vijiji vya Kisarawe vina kuta za fito na udongo, na vibanda vya mabati. Usitegemee chochote kati ya hivyo kuizuia risasi iliyokosa shabaha. Kwa hiyo panga mapema, mchana, ni upande gani wa nyumba hutapiga kabisa, hata iweje. Na kumbuka kwamba Kanuni ya Adhabu inampa mtu haki ya kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo, siyo zaidi.

Jipsamu huziba tundu hilo, na kitambaa kizito nacho huliziba. Kwa jambo hili joto la Pwani linatusaidia: huku watu huvaa fulana na mashati mepesi, hivyo kupanuka kunatarajiwa zaidi kuliko kwenye makoti ya baridi.

Kuhusu ukubwa, sioni sababu ya kuikimbia milimita 9. FBI wenyewe waliikimbia baada ya Miami, wakaenda milimita 10, kisha kaliba ya .40, na miaka ya 2010 wakarudi kwenye 9. Vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa, na wapigaji walilenga haraka na kwa usahihi zaidi bastola isiporusha mkono sana.

Chagua aina moja na uipige kwa bastola yako hiyo hiyo kwenye uwanja unaoruhusiwa, maana bastola nyingine hukwama na vichwa vyenye tundu. Hifadhi risasi pakavu, maana unyevu wa Pwani huliletea ganda la shaba kutu ya kijani, na fataki ya kwenye kitako ikipata maji au mafuta inaweza kukataa kuwaka. Jambo la mwisho hupuuzwa sana: risasi ile ile ikiingizwa chemba na kutolewa kila siku, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti hupungua, na siku ikipigwa shinikizo hupanda kupita kiasi. Ilinganishe na mpya kutoka boksini. Ukiona imefupika, usiipige, mrudishie muuzaji mwenye leseni aiharibu kwa utaratibu.