Istilahi za Sarufi ya Kiarabu kwa Mwanafunzi Anayeanza

Mswahili anayeanza kujifunza Kiarabu huingia darasani akiwa na akiba ambayo wanafunzi wengi wa mataifa mengine hawana. Kabla hajafundishwa neno lolote tayari anayo kitabu, wakati, dakika, rafiki, hatari, siasa, waziri na maneno mengine mengi ambayo Kiswahili kiliyapokea katika karne nyingi za biashara, dini na ujirani. Kwa sababu hiyo imezoeleka kusemwa kwamba Kiarabu ni lugha nyepesi kwake. Makala haya yanakusudia kuichunguza kauli hiyo kwa upande unaolihusu jarida hili, yaani upande wa istilahi. Dai letu ni kwamba akiba hiyo isipohesabiwa vizuri humpoteza mwenyewe. Na kwamba humpoteza zaidi katika maneno yaleyale ambayo mwalimu huyatumia kumwelezea sarufi.

Maneno ya kila siku

Tuanze na mfano ulio wazi kwa watumishi wa serikali. Mfasiri anayetaka kutaja katiba ya nchi kwa Kiarabu huwa mwepesi wa kudhani kwamba neno ni hilohilo. Lakini katiba kwa Mwarabu, silabi ya kati ikivutwa, ni kikosi cha askari. Sheria kuu ya nchi huitwa dustur, neno lenye asili ya Kiajemi ambalo sisi tunalo kwa umbo la desturi, yaani mazoea. Kadhalika fasihi kwa Mwarabu ni sifa ya mtu mwenye ufasaha. Ile fasihi tunayoisomesha shuleni yeye huiita adab, nasi adabu kwetu ni mwenendo mwema. Rahisi kwake ni kitu kisichokuwa ghali, wala si kitu kisichokuwa kigumu. Ajali kwake ni muda uliokadiriwa, hasa mwisho wa maisha ya mtu. Haina uhusiano na magari kugongana. Na tafadhali husemwa aghalabu na mwenye kutoa, anapomkaribisha mgeni akae au ale, hali sisi huisema tunapoomba.

Makosa ya namna hii yanaudhi, lakini yana tiba. Mwanafunzi atakosea, atasahihishwa, naye atafungua kamusi. Istilahi za darasani si hivyo. Mwanafunzi hazitafuti katika kamusi kwa kuwa anaamini anazijua, na mwalimu hazielezi kwa kuwa kwake ziko wazi. Basi wawili hao huweza kukaa miezi mingi wakitumia neno moja kwa maana mbili, na mwisho mwanafunzi akahukumiwa kuwa ni mzito wa kufahamu.

Maneno ya darasani

Tuchukue sentensi ya kawaida ya mwalimu wa Kiarabu afundishaye kwa Kiswahili: "Jumla hii ina mubtadaa na habari, na ndani ya habari mna dhamiri." Mwalimu amesema kweli tupu. Kwa istilahi zake jumla ni sentensi, habari ni sehemu ya sentensi inayoeleza jambo juu ya kile kilichotangulizwa, na dhamiri ni kiwakilishi. Lakini mwanafunzi amesikia jambo jingine: kwake jumla ni hesabu iliyokusanywa au bei ya dukani, habari ni yale yasomwayo redioni, na dhamiri ni ile sauti ya ndani imsutayo mtu akitenda ovu. Kati ya istilahi nne, moja tu, mubtadaa, ndiyo iliyo ngeni kwake. Nayo ndiyo pekee atakayouliza maana yake.

Orodha haiishii hapo. Mtenda katika sentensi ya kitenzi huitwa fail. Karani wetu akilisikia neno hilo hukumbuka jalada la barua. Alama za a, i na u fupi huitwa harakati. Kwetu harakati ni mapambano na shughuli. Jina la kitu huitwa ism. Sisi isimu tumeipa kazi ya kuitaja elimu ya lugha. Herufi katika sarufi ya Kiarabu si alama ya kuandikia tu, bali pia ni fungu la tatu la maneno, baada ya majina na vitenzi. Ndilo fungu la maneno madogo kama "katika", "na" na "je".

Hata jina la somo lenyewe lina utata. Waarabu hugawa elimu hiyo sehemu mbili: nahau, inayohusu mpango wa maneno katika sentensi, na sarufi, inayohusu mageuzi ya umbo la neno moja moja. Asili ya sarufi ni kugeuza. Katika mzizi huohuo tumepata sarafu na masurufu, kwa kuwa fedha nazo hubadilishwa na kutumiwa. Kiswahili kimelipanua neno sarufi likawa somo zima, na nahau, kwa wasomaji wengi wa leo, imekuwa jina la misemo isiyofasirika neno kwa neno. Mwanafunzi akiambiwa kwamba mwaka huu atasoma nahau, atangojea misemo ambayo haitakuja.

Neno irabu

Neno linaloleta madhara makubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni irabu. Katika mwandiko wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutia irabu kulikuwa ni kutia alama juu au chini ya herufi ili isomeke, na mwandiko wa Kirumi uliposhika nafasi neno hilo likabaki kuwa jina la a, e, i, o, u. Hapana kosa katika hilo; lugha ina haki ya kukitumia ilichokipokea. Lakini irabu ya wanasarufi wa Kiarabu ni mabadiliko ya mwisho wa neno kufuatana na kazi yake katika sentensi. Sisi husema: mwalimu amekuja; nimemwona mwalimu; nimetoka kwa mwalimu. Neno halibadiliki. Mwarabu asemaye lugha fasaha atasema al-muallimu katika sentensi ya kwanza, al-muallima katika ya pili, na al-muallimi katika ya tatu.

Mwanafunzi akiambiwa "tazama irabu ya neno hili" atazitazama vokali zote, na hali mwalimu anakusudia mwisho wa neno tu. Tena, mwisho huo hauonyeshwi kwa vokali fupi kila mara. Walimu wengi wakiwa watenda ni muallimuna, wakitendwa ni muallimina: hapo alama ya irabu ni herufi waw au ya. Mtu aliyeshika kwamba irabu maana yake ni vokali hana njia ya kuifahamu kanuni hiyo. Ataikariri, atafaulu mtihani wa wiki ile, kisha itampotea.

Makundi mawili

Waandishi na walimu wa masomo ya mwanzo wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hufuata njia ya vyuo vya zamani, ambamo kitabu cha kwanza cha sarufi ni Ajurrumiyya, kilichoandikwa na Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323. Kitabu hicho kinastahili heshima. Ni kifupi, kimepangwa kwa utaratibu, na vizazi vingi vya pwani yetu vimekihifadhi kwa moyo. Lakini mara tu baada ya kueleza mafungu ya maneno huingia katika irabu, na huendelea nayo karibu mpaka mwisho. Kinamfaa mtu ambaye tayari ana maneno na sentensi kinywani, na sasa anataka kuzirekebisha. Kumpa mtu asiyeweza bado kusema "nataka maji" ni kumpa kanuni zisizo na kitu cha kuzitumia.

Kundi la pili huepa Kiarabu kabisa na kutumia istilahi za shule zetu: nomino, kivumishi, kiima, kiarifu. Hawa wameondoa mgongano mmoja wakaleta mwingine. Ism ya Kiarabu hujumuisha nomino, vivumishi na viwakilishi pamoja. Ikiitwa nomino, theluthi mbili za maana yake zimeachwa nje. Neno la zamani, jina, lingefaa zaidi, kwani ndiyo maana hasa ya ism. Kadhalika kiima kikiwekwa kwa mubtadaa na kwa fail pia, tofauti ambayo Kiarabu kinaijali sana hufutika.

Wapo watakaosema kwamba istilahi za Kiarabu zisiguswe, kwa kuwa mwanafunzi atakuja kuzikuta katika vitabu vya Kiarabu chenyewe. Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuipuuzi. Hata hivyo istilahi hizo hazikuwa moja hata kwa wenyewe: hali ambayo watu wa Basra waliiita jarr, watu wa Kufa waliiita khafdh, na Ibn Ajurrum alichagua neno la Kufa. Ikiwa mabingwa hao walichagua, na sisi tunaweza kuchagua bila ya kuharibu elimu.

Mapendekezo

Tunapendekeza kanuni nne. Kwanza, pale ambapo kitu ni kilekile na Kiswahili kina istilahi yake, itumike ya Kiswahili: sentensi, kitenzi, kiwakilishi, wingi. Pili, pale ambapo kitu hakimo katika lugha yetu na jina lake halina maana nyingine kwetu, lipokewe kama lilivyo: hamza, tanwini, mubtadaa. Tatu, pale ambapo jina la Kiarabu limekwisha kupata maana nyingine katika Kiswahili, lisitumike katika maelezo ya Kiswahili. Lifasiriwe kwa kazi yake. Fail iwe mtenda. Harf isiyo ya kuandikia iwe neno saidizi. Irabu iwe viishio vya kazi. Hatukusema viishio vya hali, kwa sababu hali nayo ni istilahi nyingine katika sarufi ya Kiarabu. Nne, kila istilahi ya Kiarabu inapotajwa mara ya kwanza iandikwe kwa herufi za Kiarabu kando ya ile ya Kiswahili. Mwandiko wenyewe utamwonya msomaji kwamba hili silo neno lake la nyumbani, na hoja ya vitabu vya baadaye itakuwa imepata jibu.

Mpango wa masomo nao ufuate. Mwanafunzi aanze na herufi 28, azitofautishe kwa sikio kabla ya jicho. Kwetu hasira na hasara zina h moja. Katika Kiarabu la kwanza, ambalo huko lina maana ya majuto, lina ha ya kooni, na la pili lina kha. Ajue herufi sita zisizoungana na ile inayozifuata: alif, dal, dhal, ra, zay na waw. Aliyepitia chuo cha Kurani ana sehemu kubwa ya kazi hii mkononi, ila akumbushwe kwamba gazeti halitiwi alama za kusomea, na kwamba kusoma bila alama kunahitaji kujua maumbo ya maneno.

Hapo ndipo akiba yetu ianze kutumika kwa njia iliyo sahihi. Badala ya kumwambia mwanafunzi kwamba maneno ni yaleyale, aonyeshwe mizizi. Hukumu, hakimu, hekima na mahakama zote zina h, k na m. Kitabu, katibu na maktaba zina k, t na b. Darasa na madrasa zina d, r na s. Kisha aulizwe: mahakama, maktaba na madrasa zina nini pamoja? Atajibu mwenyewe kwamba zote ni mahali, na ma- ya mwanzo ndiyo ionyeshayo hivyo. Ataona pia kwamba ki- ya kitabu, ambayo sisi tuliichukua kuwa ya ngeli tukapata vitabu, kwa Mwarabu ina herufi ya mzizi. Viishio vya kazi vije baadaye, atakapokuwa na sentensi za kuvitilia.

Tunawaachia walimu, wafasiri na wanakamati wa istilahi wayapime mapendekezo haya, wayakosoe na kuyaongeza. Jambo moja tungeomba lisiahirishwe: orodha fupi ya maneno ya sarufi yenye maana mbili, iliyokubaliwa na wanaofundisha Kiarabu na wanaofundisha Kiswahili pamoja, iwekwe katika ukurasa wa kwanza wa kila kitabu cha mwanzo. Wanafunzi wengi walioacha Kiarabu huamini kwamba wao ndio waliokuwa wazito. Huenda baadhi yao walikosa ukurasa huo tu.