Profesa wa Ugaidi
Profesa Paul Wilkinson, Mwingereza aliyefariki mwaka 2011, aliandika juu ya ugaidi tangu miaka ya 1970, wakati vyuo vikuu vichache tu viliuona kuwa somo. Mwaka 1994 alishiriki kuanzisha kituo cha utafiti huko St Andrews. Hoja yake kuu naipenda: dola ya kidemokrasia ipambane na magaidi bila kuvunja sheria zake yenyewe. Ila mtu aliyezoea kushauri wakubwa, ndivyo nionavyo, hummulika zaidi mtega bomu kuliko askari mtesaji. Ugaidi wa dola aliutaja, lakini hakuupa nafasi sawa. Baada ya milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, Tanzania ilitunga sheria ya kuzuia ugaidi mwaka 2002, Kenya mwaka 2012. Kila askari anayezitumia ningempa hoja ile aisome kabla hajagonga mlango wa mtu.