Nani Kapiga Besi?

Ndugu zangu waandishi, leo nitawasema, na nitaanza kwa kujisema mwenyewe.

Katika hadithi tunazopeana kusoma sisi vijana nimekutana na wanamuziki wengi. Wote waimbaji. Katoka kijijini na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, kapanda jukwaani, wasichana wamezimia, halafu pesa, halafu pombe, halafu ajali ya gari kurasa mbili kabla ya mwisho. Akitokea mpiga solo, naye ni mwimbaji yuleyule aliyenyimwa maiki. Mpiga besi sijamwona. Hata mmoja.

Riwaya yangu mimi ilikuwa hivyohivyo. Kauntabuku tatu nimejaza kwa mkono, na shujaa wangu anaimba kuanzia ukurasa wa kwanza. Nilipoona imeiva nikapanda Coaster pale Makambako, nikaenda kumsomea mjomba wangu Njombe. Mjomba alipiga gitaa la besi miaka mingi. Hakuwa na bendi yake. Alikuwa deiwaka: bendi ikipungukiwa mtu anaitwa, kwaya ikitaka kurekodi anaitwa, anapiga, analipwa, anarudi kwenye viazi vyake.

Ilikuwa jioni, ukungu umeshuka, tumelizunguka jiko la mkaa kama watu wanaolinda kitu. Nikasoma kurasa kumi na moja. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Mpwa wangu, bendi yako hiyo ina watu wangapi?"

"Saba, mjomba."

"Nani kapiga besi?"

Nikanyamaza. Watu saba nimewaweka jukwaani, nimewavisha suti nyeupe, na sikujua nani kapiga besi.

Hakunicheka. Alichofanya ni kuniwekea "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Nikamwambia wimbo huo naujua toka utotoni. Akasema, "Unamjua anayeimba. Sasa mwache anayeimba. Shuka chini."

Hapo ndipo uhakiki wangu unapoanzia, maana nilichokisikia jioni ile kilinivunjia riwaya.

Tuanze na watu wenyewe. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walianzia muziki Tanga, wakapita Arusha, wakavuka kwenda Kenya mwaka 1971, na huko wakawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao waliondoka na kuanzisha Les Wanyika jijini Nairobi. Kati yao alikuwemo Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, mpiga ridhimu, Rashid Juma wa drams, na Tom Malanga, mpiga besi. John Ngereza akaja akawa sauti na solo. "Sina Makosa" ikatoka, na Afrika Mashariki nzima ikaishika mpaka leo. Ukimuuliza mtu baa yoyote ya Makambako nani kaimba, atakutajia Les Wanyika. Ukimuuliza habari za Tom Malanga, atakuuliza kama ni dereva wa lori.

Sasa sikiliza. Wimbo ni wa mtu anayejitetea. Anajitetea kwa sauti tamu, na mtu anayejitetea kwa sauti tamu huwa nina mashaka naye kidogo. Lakini chini yake besi ya Malanga inatembea bila haraka. Inapiga, inaacha nafasi, inapiga tena. Haimfukuzii mwimbaji, wala haishtuki anapopandisha hisia. Ridhimu ya Profesa inaingia palepale besi ilipoacha mwanya, kama sindano inayofuata tundu, na wawili hawa wanashona nguo ambayo mwimbaji anaivaa. Mimi naisikia besi ile kama shahidi mahakamani ambaye kila akiulizwa anatoa maelezo yaleyale. Kwa hiyo tunamwamini mshtakiwa, na tunadhani tumeyaamini maneno yake. Kumbe tumemwamini shahidi.

Kwa nini basi hatukumsikia miaka yote? Mjomba ana jibu, na si la kishairi. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya redio ndogo ya betri, ile ya ukubwa wa kiganja, haina nguvu ya kuusukuma mtetemo mzito namna hiyo. Inatoa sauti ya mwimbaji na vilio vya solo, chini inabaki kivuli. Na sisi watoto wa huku juu tumelelewa na redio ndogo. Tulipokuja kusikia spika kubwa za baa tulikuwa tumeshajifunza kusikiliza vibaya. Nadhani na kuandika tumejifunza kwa spika ndogo vilevile.

Msidhani ugonjwa huu ni wa kwetu tu. Marekani alikuwepo James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 South Carolina, akahamia Detroit, akajifunza besi kubwa ya kusimama akiwa shuleni, halafu akawa mpiga besi wa studio wa kampuni ya Motown. Yeye na wenzake, walioitwa The Funk Brothers, ndio walikuwa nyuma ya nyimbo nyingi kabisa zilizoipa kampuni ile jina katika miaka ya 1960: leo wanampigia mwimbaji huyu, kesho yule. Jamerson alichapa nyuzi kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Dunia nzima ilicheza kwa kidole kile, na jina lake halikuwemo kwenye jalada. Motown ilianza kuandika majina ya wapigaji wake mwaka 1971, katika albamu ya Marvin Gaye ya "What's Going On". Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles. Jamerson akaifuata, kazi zikapungua, pombe ikazidi, akafa mwaka 1983 akiwa na miaka 47. Heshima ya kuingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame ilikuja mwaka 2000, yeye yuko kaburini miaka 17.

Hapa kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilipiga kwa pamoja, moja kwa moja, kama iko ukumbini. Hapakuwa na nafasi ya mpiga besi kukosea akarudia peke yake. Akikosea yeye, wamekosea wote. Ndiyo maana ukisikiliza kazi za zamani za Juwata au za Mlimani Park, besi ina utulivu wa mtu anayebeba yai. Lakini mzigo ule haukumpa jina. Wasikilizaji waliwajua watunzi na waimbaji. Suleiman Mwanyiro aliyeipigia besi Juwata, nani kati yetu amemwandikia hata aya moja?

Kuna watakaosema sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na inamtambua pia mtendaji, yaani yule aliyeimba au kupiga. Neno hilo "hakishiriki" nalipenda sana. Lakini sheria inamlinda mtu anayejulikana kuwa alikuwepo. Deiwaka aliyelipwa mkononi, bila karatasi, atathibitisha vipi kwamba vidole ni vyake?

Mjomba alipiga besi katika kaseti ya kwaya moja ambayo sitaitaja. Kaseti ile iliuzwa sana kwenye stendi za huku. Kwenye jalada wamo wanakwaya wote, wamesimama mbele ya maua kwa mistari mitatu, na majina ya mwalimu, katibu na mweka hazina. Mjomba hayumo kwenye picha wala kwenye majina. Nilipoliona jalada lile nikapandwa na hasira. Nikamwambia nitaandika makala, nitawaumbua.

Akanitazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha shamba la jirani. "Mpwa, mimi walinilipa tulichopatana. Nilikula, mama yako akapata sare ya shule. Anayetaka jina hapa ni wewe."

Hapo alinipata, bwana. Maana sijawaambia ninavyoishi. Toka nimalize kidato cha nne nafanya kazi kwenye duka la stesheneri Makambako, si mbali na reli ya TAZARA. Naandika wasifu wa marehemu, risala za harusi na barua za kuomba kazi. Nimeshawaliza watu kwenye misiba nisiyohudhuria. Binti wa marehemu anasimama, anasoma, watu wanasema maskini, mtoto huyu kasoma kweli. Mimi nipo dukani nakata karatasi. Mimi ni deiwaka wa maneno.

Na sasa kuna jambo. Mzee mmoja mwenye biashara kubwa ya mbao amenitaka nimwandikie kitabu cha maisha yake. Mshiko aliotaja ni wa kunilisha mwaka mzima. Sharti lake ni moja: jalada liwe na jina lake tu, nami nisimwambie mtu. Nimekaa na jambo hili wiki tatu. Nikikataa nabaki na kauntabuku zangu na njaa yangu. Nikikubali, je, nitakuwa nimekula njama ya kujifuta mwenyewe, mimi niliyetaka kuwaumbua wanakwaya?

Nilimuuliza mjomba. Hakusema kubali wala kataa. Alisema mambo mawili ambayo kwangu ni uhakiki kuliko vitabu vyote vya fasihi nilivyofundishwa. La kwanza: bei itajwe kabla begi la gitaa halijafunguliwa. La pili: "Ukishapokea hela, usipige kama mtu aliyenuna. Mpiga besi akinuna, wimbo mzima unalegea, na msikilizaji hatajua nani kanuna. Atasema tu wimbo mbaya."

Basi nimerudia kusikiliza "Sina Makosa" nikiwa na neno hilo. Ni kweli. Hakuna mnuno pale. Malanga hajifichi, wala hajisukumi mbele. Anapiga kama mtu anayejua thamani ya kazi yake hata kama wewe huijui. Lakini hapa natofautiana na mjomba, na naomba aniwie radhi. Kwamba yeye hakulihitaji jina hakuwapi wengine ruhusa ya kulifuta. Jina kwenye jalada si sifa tu, ni ushahidi. Kijana wa Njombe anayeshika besi leo angejua kuna mtu wa hapahapa aliyemtangulia, angeenda kumgongea mlango akamfundishe. Bila jina, kila deiwaka anaanza kama wa kwanza duniani.

Kwa waandishi wenzangu nasema hivi. Mkiandika bendi, jueni nani kapiga besi. Simaanishi muongeze mhusika wa kujaza jukwaa. Ulizeni nani anaubeba wimbo wakati mwingine anaimba. Katika nyumba mnayoiandika, nani anaamka kuwasha jiko kabla shujaa hajaanza kuota? Hadithi zetu nyingi ni nyepesi kwa sababu zina sauti ya juu tupu. Na jifunzeni kuacha nafasi. Malanga aliacha mwanya, Profesa akaingia. Sisi tunajaza kila mstari maneno, halafu tunashangaa msomaji hana pa kukanyaga.

Riwaya yangu nimeianza upya. Mwimbaji bado yumo, anaimba vilevile, lakini anayesimulia ni yule aliyesimama nyuma yake karibu na drams, anayemwona kisogo miaka ishirini. Kumbe kisogo cha mwimbaji kina mambo mengi. Kinatoka jasho kabla ya wimbo ambao hadhira inadhani anaupenda.

Na mzee wa mbao nimemjibu. Nimetaja bei, hakubisha. Jalada nimemwachia liwe lake, kwa kuwa maisha ni yake. Nimeomba mstari mmoja tu ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo: kimeandikwa na fulani, Makambako. Amesema atafikiri. Akipita dukani anasalimia "kamwene," naitika, na hatulizungumzii. Begi la gitaa bado sijalifungua.