Mizani ya Swichi Isikiayo Makofi

Mtu akiletewa swichi iwashayo taa kwa kofi na kuizima yenyewe baada ya muda, aghalabu hupiga kofi moja, taa ikawaka, naye akatoa fedha. Lakini hapa Masukulu, ambako mvua ya Rungwe hutwanga mabati tangu alasiri hata usiku wa manane, jaribio hilo halimfai mnunuzi, maana hakuna swichi isiyosikia, na ustadi wa fundi hudhihirika katika yale ambayo swichi yake huyapuuza.

Sauti huingia kwa maikrofoni isiyozidi kifungo cha shati, ikageuka umeme dhaifu ambao transista huukuza na kuupeleka kwenye saketi ya 555, aliyoibuni Hans Camenzind mwaka 1971. Nayo, volti za mguu wake wa pili zikishuka chini ya thuluthi ya volti zinazoilisha, huivuta rilei na kuiacha kapasita ijae kupitia rezista hata ifikie thuluthi mbili, ndipo taa huzimika. Rezista ya omu 470,000 na kapasita ya maikrofaradi 100 hutoa takriban sekunde 52.

Basi anza na kapasita. Iliyo dhaifu huvuja, na ikilishwa kwa rezista kubwa mno, umeme uingiao hulingana na uvujao, thuluthi mbili zisifikiwe abadan, na taa ikakesha. Pima muda asubuhi ya baridi, kisha adhuhuri.

Halafu tega sikio rilei inapoachia: ikiwa jirani mno na maikrofoni, swichi hujisikia yenyewe, na taa iliyozimika punde huwaka tena pasipo mtu chumbani, jambo ambalo wengine hulidhania shetani. Fundi hodari huvitenganisha viwili hivyo. Dayodi sambamba na koili ya rilei, nisipoiona, sinunui; wala sinunui penye nyaya za volti 230 zilizobanana na zile za volti 12.

Ngurumo na miungurumo ya malori hupunguzwa kwa kapasita ndogo kati ya maikrofoni na transista, ipitishayo sauti kali na kuzizuia nzito. Mvua juu ya bati haichujiki hivyo, kwani ina sauti za kila namna. Hapo hapana hila ila parafujo ya usikivu, irekebishwe hata mvua ya wastani isiiamshe swichi na kofi la hatua tatu liiamshe. Mvua ya masika katika nyumba isiyo na dari itaishinda hata hivyo, na kwa hiyo mafundi waaminifu huongeza swichi ya kawaida ya kuikata saketi nzima.