Kuwajibika na Kuwajibishwa: Istilahi ya Haki ya Kijeshi Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Istilahi "uwajibikaji" imezoeleka katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo makosa ya wanajeshi vitani. Hata hivyo, ikipimwa kwa matukio ya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, upungufu wake hudhihirika. Kimofolojia, nomino hiyo hutokana na kitenzi "wajibika", ambacho kiambishi chake -ik- humwacha mtu na wajibu wake tu, anayemdai hatajwi. Kitenzi "wajibisha" ndicho kimletacho mdai katika sentensi.

Kesi ya Fizi yathibitisha tofauti hiyo. Tarehe 1 Januari 2011, askari wa jeshi la serikali walivamia mji wa Fizi kulipiza kisasi cha mwenzao aliyeuawa. Wakapora na kubaka wanawake wengi. Kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, alikana mashtaka. Hakuwajibika, aliwajibishwa. Mahakama ya Kijeshi ya Kivu Kusini ilihamia Baraka, kandokando ya ziwa, wanawake wakatoa ushahidi, na tarehe 21 Februari mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu.

Makobola, kusini mwa Uvira, ni kinyume chake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 yaeleza kwamba askari wa kundi la RCD na washirika wao waliua watu zaidi ya 800 huko, kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999. Mauaji hayo yameandikwa, lakini hayajapata Baraka yake. Kudai "uwajibikaji" wa makamanda wa Makobola ni kuwangoja wahusika wenyewe.

Huenda ikatolewa hoja kwamba matumizi yamekwisha kupanua maana ya istilahi hiyo, hata ikabeba pia adhabu itolewayo na mahakama. Hoja hiyo ina uzito, kwani maana haifungwi na mnyambuliko peke yake. Lakini "uwajibikaji wa jeshi" ni kirai kinachoweza kukamilika bila hakimu wala shahidi. "Uwajibishaji wa makamanda" huzusha swali papo hapo: na nani? Huko Baraka jibu lilikuwapo: wanawake waliosimama mbele ya mahakama, na mahakimu waliowasikiliza. Istilahi ifaayo ni ile isiyowasahau.